Uzi: Mbaazi bila mahamri, biriani bila wali – jiko lisilo na nafaka

Seredani (mwenye uzi)

Hamjambo wapishi. Uzi huu ni wa chakula kisichotiwa nafaka, na naomba tuandike vipimo. Maneno ya "kiasi" na "kadiri" tuwaachie wanaojua tayari. Kikombe humu ni cha mililita 250.

Kwanza tuelewane. Nafaka ni ngano, mchele, mahindi, mtama, mawele, wimbi, shayiri na oti. Kwa hivyo sima ya mahindi, wali, chapati, mahamri, vitumbua, mkate wa kumimina, tambi na kaimati vyote viko nje. Anayeepuka ngano peke yake ana uwanja mpana zaidi, bado ana wali wake. Dengu, mbaazi, kunde na pojo (choroko) si nafaka, hivyo humu zimo. Kuna wasiozila hizo pia. Wao waruke zitakapotajwa.

Nasema hili mapema: usianze kwa kutafuta unga wa kuigiza ngano. Itazame sinia ya futari ya hapa kwetu Mombasa. Muhogo wa nazi, ndizi mbichi za nazi, magimbi, viazi vitamu, mbaazi, samaki wa kupaka, katlesi, mishkaki, bhajia za dengu. Nafaka haimo humo. Tatizo ni kwamba tumezoea kuvila hivyo Ramadhani, kisha miezi kumi na moja tunavisahau.

Nianze na muhogo wa nazi, watu sita. Muhogo kilo moja na nusu, nazi mbili, vitunguu viwili, pilipili mbichi mbili, thomu (kitunguu saumu) punje nne, chumvi kijiko kimoja cha chai, ndimu.

Ukinunua, mwambie muuzaji avunje ncha. Nyama iwe nyeupe tupu. Ukiona mistari ya buluu au myeusi, huo umeshang'olewa siku mbili tatu, utabaki mgumu hata ukiuchemsha mpaka magharibi. Menya maganda yote mawili, lile la kahawia na lile nene la waridi la chini yake. Pasua vipande vya urefu wa kidole, ng'oa ule uzi wa katikati. Chemsha kwa maji mengi bila kifuniko dakika 20 hadi 25, halafu maji hayo yamwage. Muhogo una sumu ya asili ya sianidi, mtamu kidogo, mchungu nyingi. Kumenya, kuchemsha na kumwaga maji kwatosha kwa muhogo mtamu. Mchungu usiupike hivi kabisa. Huo wataka kulowekwa siku kadhaa na kuanikwa.

Rudisha muhogo kwenye sufuria, tia tui jepesi vikombe vitatu, vitunguu, thomu, pilipili, chumvi. Moto wa wastani dakika 15, mpaka tui linusurike kukauka. Hapo punguza moto, mimina tui zito kikombe kimoja na nusu, koroga taratibu kwa kuelekea upande mmoja dakika tano. Ipua, kamulia ndimu nje ya moto.

---

Kifumbu

Niongeze kwenye tui, maana hapo ndipo wengi huharibu.

Nazi iliyokomaa, ukiitikisa maji yasikike. Ikuna, tia nusu kikombe cha maji ya vuguvugu kwa kila nazi, finya dakika mbili, chuja. Hilo ndilo tui zito. Ukikamua bila maji yoyote unapata kasimele, kidogo lakini nzito mno, nzuri kwa samaki wa kupaka. Halafu tia maji vikombe viwili kwenye machicha, finya tena: tui jepesi.

Tui hukatika kwa sababu moja kubwa: limetokota kwa nguvu bila kukorogwa, mafuta yakajitenga na maji. Sababu ya pili ni ndimu au ukwaju kutiwa wakati linachemka. Likikatika si sumu, ladha ipo ila sura imekwenda. Chota vijiko viwili vya kasimele mbichi ukoroge ndani baada ya kuipua. Hurudi kwa kiasi chake.

Tui la pakiti lafaa, lakini soma karatasi. Baadhi yake hutiwa wanga wa kuzidisha uzito, na kama haikuandikwa ni wanga wa nini, liache dukani.

---

BintiBondeni

Shukran. Nina maswali mawili. Asubuhi mbaazi nizile na nini kama mahamri hayapo? Na chapati ya unga wa muhogo yapasuka pembeni kila nikisukuma. Unga ni mweupe, mzuri, nimetumia maji ya kawaida.

---

Seredani

Dada, la mahamri nitakujibu wazi: hamri bila ngano halipo. Hamri huvimba likawa na uwazi ndani kwa sababu unga wa ngano una mnato unaovutika, ukashika hewa ya hamira. Muhogo, dengu, nazi, hakuna hata kimoja chenye kitu hicho. Kila atakayekuandikia "mahamri ya muhogo" atakupa kitu kizito kinachokunywa mafuta.

Mbaazi zile kwa viazi vitamu. Chemsha vizima na maganda yake dakika 30, menya, kata vipande vinene vya sentimita mbili, viache vipoe kabisa, kisha vikaange kwa mafuta ya nazi kidogo mpaka vishike ukoko pande zote mbili. Ule utamu wa kiazi ndio ulikuwa kazi ya sukari na iliki kwenye hamri. Ukitaka, nyunyiza iliki ya kusaga juu yake ikiwa moto. Ndizi mkono wa tembo iliyoanza kugeuka manjano yafaa vile vile.

Mbaazi zenyewe: kavu vikombe viwili, loweka usiku kucha, maji mwaga, chemsha kwa maji mapya dakika 50 mpaka saa moja. Tungule (nyanya) na ukwaju visitiwe kabla hazijaiva. Uchachu huzuia ganda kulainika, utaongeza maji mpaka uchoke. Magadi huziharakisha kweli, lakini huacha ladha ya sabuni. Zikiiva tia tui jepesi, kitunguu, pilipili mbichi nzima, manjano nusu kijiko cha chai. Zikianza kushikana mimina tui zito.

Chapati namwachia MlaSima.

---

MlaSima

Nimefika. Shida ni maji, dada. Unga wa muhogo hauna kinachoufunga mpaka wanga wake uive kwa joto. Maji ya bomba hayaufanyi lolote, unabaki kama chokaa. Yataka maji yanayotokota, yatoke jikoni yaingie kwenye unga papo hapo.

Unga wa muhogo vikombe viwili, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta vijiko viwili vikubwa. Mimina maji yanayotokota kikombe kimoja na robo, koroga kwa mwiko, funika dakika kumi. Likishikika kwa mkono, kanda mpaka liwe laini. Ukibonyeza kidole na pembe zikachanika, ongeza maji moto kijiko kimoja kimoja. Likinata viganjani, ongeza unga. Gawa madonge manane. Usisukume juu ya meza kavu. Weka donge kati ya karatasi mbili za nailoni, sukuma mpaka unene wa milimita mbili au tatu. Tawa iwe ya moto sana, dakika moja na nusu kila upande, mafuta upake mwishoni.

Ukitaka ikunjike bila kuvunjika, ponda kiazi kimoja cha gramu 200 kilichochemshwa uchanganye na unga, na maji yapunguze iwe kikombe kimoja. Na zifunge kwenye kitambaa, zile zikiwa moto. Wanga wa muhogo ukipoa hukakamaa, hakuna dawa ila kuirudisha kwenye tawa.

Sima ya muhogo ni rahisi zaidi, ila usiipike kwa mtindo wa mahindi. Ukimwaga unga kwenye maji yanayochemka, kila bonge huiva nje mara moja likafungia unga mkavu ndani, ndiyo yale madonge. Fanya kinyume: unga vikombe viwili kwenye maji baridi vikombe vitatu, vuruga mpaka pasiwe na bonge, ndipo upeleke motoni. Songa bila kuacha. Itakaa kama maziwa, kisha ghafla ishike yote kwa pamoja. Ikishabadilika rangi kutoka weupe wa chaki ikawa kama inang'aa, songa dakika tatu nne tu. Ukizidisha inavutika kama ulimbo. Mwiko na bakuli vilowe maji.

---

KongoweaAlfajiri

Kabla hamjafika mbali, tahadhari za ununuzi. Chakula kinaweza kuwa hakina nafaka jikoni kwako lakini kimeshaingia nayo sokoni.

Unga wa muhogo: uliza kama ni mtupu. Wengine huuza uliochanganywa na mahindi au mtama kwa ajili ya uji. Na mashine ya kusagia ikitoka kusaga mahindi, kilo za mwanzo za muhogo wako zina mahindi ndani yake. Kwa mgonjwa ambaye chembe tu yamdhuru, nunua makopa (vipande vya muhogo mkavu), yatwange na kuyasaga nyumbani kwa blenda, chekecha. Unga wa dengu nao una mambo hayo hayo.

Mvuje wa unga huwa umechanganywa na ngano mara nyingi. Bekin poda nyingi zina wanga wa mahindi. Badala yake tumia bekin soda robo kijiko cha chai na maji ya ndimu kijiko kimoja kikubwa. Vidonge vya supu, sosi ya soya, soseji, siki ya shayiri, soma vyote. Bizari nunua nzima sokoni Marikiti ukaange na kusaga mwenyewe, mbali na usafi, harufu hailingani.

Bhajia za barabarani dengu yake ni dengu kweli, lakini karai ni moja na mafuta ni ya sambusa. Viazi karai vya nje vina unga wa ngano. Kachri za muhogo na muhogo wa kuchoma wa kule Lighthouse ni salama zaidi: muhogo, chumvi, pilipili, ndimu, basi. Kachri, hata hivyo, uliza karai limekaanga nini kingine.

---

TawaMoto

Viazi karai vyafanyika nyumbani bila ngano na mimi naona hata ni vizuri zaidi, tutagombana baadaye.

Viazi vidogo kilo moja, chemsha na chumvi mpaka kisu kiingie lakini kiazi kisipasuke. Chuja, tandaza vikauke dakika 15. Kiazi chenye maji humwaga koti lake kwenye mafuta. Rojo: unga wa dengu kikombe kimoja, wanga wa muhogo vijiko vitatu vikubwa, manjano nusu kijiko cha chai, pilipili ya unga, chumvi, thomu ya kuponda, dania iliyokatwa, maji robo tatu ya kikombe. Liwe zito kiasi cha kuganda kwenye kiazi. Liache dakika 20, dengu inywe maji. Ukilitumia hapo hapo litakuwa na uchungu wa ubichi. Mafuta yawe moto hivi: dondosha tone la rojo, lizame kidogo kisha lipande na mapovu. Likikaa chini, mafuta baridi, viazi vitavimba mafuta. Likipanda na kuwa jeusi, punguza. Kaanga vitano vitano. Vikirundikwa joto la karai hushuka. Kula kwa ukwaju.

Wanga wa muhogo si unga wa muhogo, msichanganye. Unga ni muhogo mzima uliokaushwa na kusagwa. Wanga ni ule mweupe unaotuama chini: ukune muhogo mbichi, vuruga kwenye maji, chuja kwa kitambaa, acha maji yatulie saa tano sita, mwaga ya juu, anika kilichobaki. Ndio unaoleta ule ukavu wa kuvunjika mdomoni.

Bhajia za kunde nazo hazitaki unga wowote. Kunde vikombe viwili loweka saa sita, zifikiche maganda yaelee uyamwage, saga kwa maji machache mno, hata robo kikombe. Halafu hapa ndipo watu hukosea, wanatia bekin poda. Haihitajiki. Piga rojo kwa mkono, vidole vikiwa wazi, dakika tano, mpaka liwe jeupe na jepesi. Jaribu: tone moja kwenye glasi ya maji. Likielea, kaanga. Likizama, endelea kupiga. Chumvi na kitunguu tia mwisho kabisa, kwa sababu kitunguu chenye chumvi hutoa maji na rojo hulegea.

---

Mjukuu_wa_Kuze

Na katlesi? Nimezoea kuona watu wakizipitisha kwenye chenga za mkate.

---

TawaMoto

Chenga si lazima. Mimi natumia yai tupu.

Viazi kilo moja, chemsha na maganda visinywe maji. Menya vikiwa moto, ponda, rudisha kwenye sufuria kavu dakika mbili, mvuke utoke. Nyama ya kusaga nusu kilo, ipike kwa tangawizi, thomu, ndimu na pilipili manga mpaka ikauke kabisa. Kitunguu na dania vitie ikishaipuliwa. Vyote vipoe kabla ya kufinyanga. Mchanganyiko wa moto ndio unaopasukia karaini. Piga mayai matatu na chumvi kidogo, chovya, tia kwenye mafuta ya moto wa kati. Yai likigusa mafuta litatawanya nyuzi kuzunguka katlesi kama kimia. Zikunje zile nyuzi juu yake kwa uma kabla hazijakakamaa. Hilo ndilo koti.

Sambusa, ndugu yangu, isamehe tu. Manda ni ngano. Nyama ile ile ijaze kwenye pilipili hoho uoke.

---

BibiUkwaju

Mmesahau biriani! Biriani ya Mombasa ndiyo rahisi kuliko zote kwa sababu masala yake hupikwa mbali na wali. Ondoa wali, chakula bado kipo.

Kuku mmoja wa kilo moja na nusu. Vitunguu kilo moja, vikate vyembamba, kaanga mpaka vigeuke rangi ya dhahabu iliyokolea, vitoe mapema kidogo maana huendelea kuiva nje ya mafuta. Viazi nusu kilo kata mapande, kaanga kwa mafuta hayo hayo. Tungule nusu kilo, thomu na tangawizi vijiko viwili vikubwa, mtindi kikombe kimoja, uzile (bizari nyembamba), iliki, mdalasini, pilipili manga. Mtindi upige kwanza uwe laini, utie moto ukiwa chini, la sivyo hugawanyika ukawa chengachenga. Vitunguu vivuruge kwa mikono uvitie robo saa ya mwisho. Hivyo ndivyo vinavyoleta uzito, hakuna haja ya unga.

Mimina juu ya viazi vingi vya kukaanga. Anayetaka kitu cha mfano wa wali, achukue koliflawa ya kilo moja kwa watu wanne, aikune kwa tundu kubwa, aikamue ndani ya kitambaa, aikaange kwa samli vijiko viwili kwenye karai pana, wazi, dakika tano au sita. Chumvi mwisho. Ukitia maji hata kijiko, au ukifunika, umepika uji. Zafarani nyunyiza juu kama kawaida.

Na samaki wa kupaka mpeni heshima yake. Changu wa kilo moja, mchanje, ndimu na thomu nusu saa. Choma mpaka akaribie kuiva. Kasimele kikombe kimoja na nusu, manjano, pilipili mbichi mbili za kuponda, chumvi, pika kwa moto mdogo dakika kumi ukikoroga, kisha ukwaju mzito vijiko viwili nje ya moto. Mpake, mgeuze, mpake tena, mara tatu nne. Asiyeamini kuwa mchuzi wazidi uzito bila kornflawa ajaribu hivi mara moja. Mle kwa shelisheli la kuchoma likiwa msimu wake: zima juu ya makaa, uligeuzegeuze karibu saa nzima mpaka ganda liwe jeusi na mvuke utoke kwenye kikonyo.

---

KongoweaAlfajiri

Bibi, hapo kwenye koliflawa tutofautiane. Bei yake haina maana kwa familia ya watu wanane. Muhogo wa kukuna wafanya kazi hiyo: ukune mbichi, uufunge kwenye kitambaa ukamue maji yote, ufikiche kwa vidole uachane, upike kwa mvuke dakika 20 hadi 25 ukiupindua mara moja. Hutoka punje punje. Usipoukamua vya kutosha huwa bonge moja la ulimbo.

---

DaktariWaJikoni

Neno kwa wenye kisukari mnaosoma. Kisicho na nafaka si lazima kiwe na wanga mdogo. Muhogo, viazi, ndizi na shelisheli vyote vina wanga na hupandisha sukari, na wanga mtupu wa muhogo ndio mbaya zaidi. Kwenu nyinyi koliflawa ya Bibi, mbaazi, kunde, samaki na mchicha wa nazi ndio njia, na muhogo uwe vipande viwili vitatu, sio sinia.

---

Kifumbu

Jambo jingine: machicha msiyatupe. Kamua vizuri mara ya tatu, tandaza juu ya sinia yawe membamba, anika juani siku nzima au tia oveni ya digrii 100 saa mbili tatu, saga, chekecha. Huo ni unga wa nazi. Wakati wa mvua za Aprili na Mei juani hayakauki, huota ukungu, tumia oveni. Yabaki na mafuta kidogo, kwa hivyo weka kwenye friji.

Vibibi vidogo: mayai manne, unga wa machicha nusu kikombe, tui zito nusu kikombe, sukari vijiko viwili, iliki, bekin soda robo kijiko cha chai, maji ya ndimu kijiko kikubwa. Acha dakika kumi, unga huu hunywa maji kama mchanga. Mimina vya ukubwa wa kiganja cha mtoto, moto mdogo, funika dakika tatu, geuza. Vikubwa huvunjika, usijaribu.

---

BintiBondeni

Chapati imekubali kwa maji ya kutokota, haipasuki tena. Swali la mwisho: magimbi yanawasha koo hata baada ya kuchemka. Na halua je, iko salama?

---

Seredani

Magimbi yana vijisindano vidogo mno ambavyo ndivyo vinavyokereketa. Yaive mpaka yapondeke, dakika 40 na zaidi, maji ya kwanza umwage. Usionje likiwa nusu. Ukimenya paka mafuta mikononi, au menya yakiwa yamechemshwa.

Halua muulize mpishi ametumia wanga gani, wa muhogo au wa mahindi. Akijibu "wanga tu", nunua kashata za nazi.